Kifaranga Aliyewika Kama Kware

Mwaka 2014 nilifuga kware. Nusu ya watu niliowajua walifuga kware mwaka ule, na nusu iliyobaki walikuwa wateja. Trei ya yale mayai madogo yenye madoadoa iliuzwa kwa bei ambayo leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, maana iliaminika yanatibu presha, sukari, pumu na yale mambo ambayo wanaume hawayataji mbele za watu. Kisha soko likafa ghafla, nikabaki na madume mia na ushee, hawatagi na hawanyamazi. Tuliwala. Hadi leo wanangu wakisikia neno kware wanakunja nyuso.

Kilichonibaki kichwani ni sauti yao. Jogoo wa kuku huvuta sauti moja ndefu. Dume la kware hukata: vipande viwili vifupi, halafu mtetemo mrefu wa kukwaruza, huku kichwa kikirushwa. Ukilala ukuta mmoja na banda lao miezi minane, unaitambua sauti hiyo hata usingizini. Ndiyo maana niliposoma habari ya kifaranga wa kuku aliyewika kwa mapigo ya kware, niliirudia sentensi ile mara tatu.

Niliisoma kwa sababu ya mdogo wangu wa kike.

Ana mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo. Siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, na tangu siku hiyo maisha ya mama yake yamekuwa ya mazoezi, mito ya kumwegemezea, uji wa kumnywesha kijiko kwa kijiko asipaliwe. Shingo haijakaza vizuri. Mkono wa kulia umejikunja kifuani. Maneno anayo matatu, moja ni "jomba", na nisiseme uongo, hilo huniyeyusha. Basi kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wenye watoto kama wake likaingia tangazo: kliniki moja nje ya nchi inapandikiza seli shina kwenye ubongo, mtoto anakaa, anasimama, anasema. Video ipo. Gharama yake ni kiwanja pamoja na msingi wa nyumba. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kutoa hukumu: samaki mkunje angali mbichi, mtoto ana miaka minne, mnangoja nini? Mdogo wangu akanirushia video usiku.

"Kaka, wewe si daktari?"

Mimi ni daktari wa ng'ombe. Lakini katika ukoo wetu aliyewahi kushika bomba la sindano ni daktari, kwa hiyo nikamwambia anipe wiki mbili. Zikawa miezi miwili. Nitakayoyasema hapa ndiyo niliyokwenda kumweleza, ila kwake niliyasema kwa kukatakata, huku mtoto akilia na sufuria ikichemka.

Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi maalumu. Ikigawanyika, inaweza kutoa nyingine iliyo kama yenyewe, au kutoa seli yenye fani. Zile za ubongo zina fani chache: nyuroni, ndizo zinazopeleka ujumbe, halafu jamaa zake wanaoitwa glia, ambao wengine huzihudumia nyuroni na wengine huzungushia nyuzi zake mayelini, utando wa mafuta unaofanya kazi kama mpira juu ya waya wa umeme. Kwa hiyo wazo la kupandikiza linaeleweka hata na mkulima. Penye pengo, weka mche. Neno letu lenyewe, kupandikiza, limetoka shambani, na nadhani hapo ndipo linapotudanganya. Shambani tunauangalia mche. Kwenye ubongo, swali kubwa ni la shamba.

Turudi kwa kware. Nogent-sur-Marne ni mji jirani na Paris, na hapo ndipo alipofanya kazi Nicole Le Douarin, mwanamke aliyeanza kama mwalimu wa sekondari kabla ya kuhamia kwenye utafiti wa viinitete, yaani viumbe vinavyoanza tu kuumbika ndani ya yai au tumboni. Mwaka 1969 alieleza jambo ambalo wengine wangelipita: ndani ya kiini cha seli ya kware, vinasaba hujikusanya na kufanya doa moja kubwa lililokolea ukizipaka seli hizo rangi ya maabara. Za kuku hazina doa hilo. Maana yake, ukichukua kipande cha kiinitete cha kware ukakitia kwenye kiinitete cha kuku, unaweza kuifuata kila seli iliyohama na kila uzao wake hadi mwisho wa safari, kama ng'ombe waliopigwa chapa kabla ya kuchanganywa na kundi la jirani. Mimi, niliyeshuhudia kesi za ng'ombe wasio na chapa zikifika hadi kwa mkuu wa wilaya, nilimwelewa Le Douarin mara moja.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Unachukua yai la kuku lililokaa kwenye joto siku mbili hivi. Unakata dirisha dogo kwenye ganda. Kiinitete wakati huo ni kitu cha milimita chache, na mgongoni pake kuna mfereji unaojifunga kuwa bomba. Bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Chini ya hadubini unakata sehemu ya bomba, unaitoa, unaweka ya kware ya mahali palepale na ya umri uleule, unaziba dirisha, unarudisha yai kwenye mashine. Nimepoteza mayai mengi kwa kuyamulika kwa tochi tu. Hawa walikuwa wanashona ubongo ndani ya ganda.

Mwaka 1988 Le Douarin, Marie-Aimée Teillet na Evan Balaban wakatangaza matokeo yaliyonikumbusha banda langu. Vifaranga wa kuku waliowekewa sehemu fulani za ubongo wa kware walipowika (walidungwa homoni ya kiume ili wawike mapema), baadhi yao walikata sauti vipande vipande. Hakuna aliyewafundisha. Baadaye, mwaka 1997, Balaban alionyesha kwamba sauti na mrusho wa kichwa vinaweza kutenganishwa: pandikiza ubongo wa kati, sauti inabadilika, pandikiza shina la ubongo, kichwa ndicho kinachocheza kama cha kware. Kuwika, jambo ambalo mimi nilidhani ni kitu kimoja, kumbe ni vitu viwili vilivyokaa nyumba tofauti.

Ndege hao hawakuishi sana. Kinga ya mwili ilipokomaa, iliwatambua wageni na kuanza kuwashambulia. Kumbuka hilo, litarudi.

Lakini mimi nilikuwa nimeshikwa na zile siku mbili za yai. Mbona hawakumchukua jogoo mzima? Jibu la kichinjio ni kwamba jogoo mzima ukimfungua fuvu na kumbadilishia kipande utapata supu. Jibu refu nililipata kwa mtafiti mwingine, na kwa mnyama ambaye sijawahi kumtibu.

Susan McConnell wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia wanyama wanaoitwa fereti, wa jamii ya vicheche. Watoto wao huzaliwa wachanga mno, ubongo ukiwa bado kwenye ujenzi, na hilo linampa mtafiti nafasi ya kuingia kazi ikiendelea. Gamba la ubongo, lile tabaka la juu lenye mikunjo, lina safu sita. Ujenzi wake ni kichekesho: ya chini inajengwa kwanza, kisha seli za safu za juu zinazaliwa chini kabisa, kwenye kitalu kilicho kando ya vyumba vya maji katikati ya ubongo, na kila kundi jipya linapanda likiwapita waliotangulia hadi juu yao. Zinapanda kwenye nguzo. Nguzo hizo ni seli pia, nyembamba na ndefu, zimesimama kutoka kitaluni hadi kwenye uso wa ubongo.

McConnell alichukua seli za kitaluni za kiinitete kichanga, zilizokuwa katika zamu ya kujenga safu za chini, akazitia kwenye ubongo wa mtoto mkubwa zaidi, ambao wakati huo ulikuwa unajenga safu za juu. Je, zitafuata ratiba ya walikotoka au ya walikofika? Jibu lilitegemea saa. Seli zilizohamishwa mapema, kabla ya kumaliza maandalizi ya kugawanyika kwa mara ya mwisho, zilisikiliza wenyeji na kwenda safu za juu. Zilizohamishwa baada ya hapo, hata kama ni saa chache tu, ziling'ang'ania asili yao zikashuka safu za chini, kama mgeni aliyefika mjini na anwani ya kijijini. Karatasi yake ya mwaka 1991 ilikuwa na kurasa chache tu. Nilikaa nayo siku nne.

Sasa, zile nguzo. Ujenzi ukiisha, nyingi hujigeuza kuwa seli za glia za kawaida. Ngazi inaondolewa. Mawimbi ya kemikali yaliyokuwa yakiita "njooni huku, acheni kule" yanabadilika. Hapo nikaona methali ya mama mkwe imekaa mahali pasipo pake. Ubongo wa miaka minne bado ni mbichi kwa kujifunza, na ndiyo maana mazoezi ya mdogo wangu si kazi bure. Ila kujifunza ni jambo moja na kujengwa ni jingine. Samaki wa kujengwa hukunjwa tumboni na wiki chache za mwanzo.

Watu waliopata mafanikio ya kweli na panya waliliheshimu hilo. Evan Snyder na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba seli shina zilizokuzwa maabara zikitiwa kwenye ubongo wa panya mchanga zinaingia kwenye ujenzi wa ubongo wa nyuma kama mafundi wenyeji. Mwaka 1995 wakaenda mbali zaidi. Kuna panya wanaozaliwa na ugonjwa uitwao Sly, wanakosa kimeng'enya kimoja cha kusaga taka za seli, taka zinajaa hadi seli zinavimba. Walidungwa seli kwenye vyumba vya maji siku walipozaliwa tu. Seli zikasambaa ubongo mzima zikitoa kile kimeng'enya, na seli jirani zikakinywa. Hazikuchukua nafasi ya mtu. Zililisha majirani. Napenda jaribio hili kuliko yote, kwa unyenyekevu wake.

Halafu kuna panya watetemekao, wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza mayelini ipasavyo, wakatetemeka, wakapata degedege na kufa wakiwa na miezi michache. Steven Goldman wa Rochester, New York, na timu yake waliwadunga watoto hao seli za glia za binadamu mara tu baada ya kuzaliwa, sehemu kadhaa za ubongo. Mwaka 2008 walionyesha picha ambazo sikuziamini: seli za binadamu zimetapakaa ubongo wote hadi uti wa mgongo, zimezungushia nyuzi za panya mayelini. Wengi walikufa hata hivyo. Wachache waliishi zaidi ya mwaka, degedege likatulia. Mimi nimefuga, nikaona wachache waliopona ni wengi.

Kwa watoto wa binadamu, hatua ya kwanza yenye idhini ya serikali ya Marekani ilikuwa Portland, Oregon, Novemba 2006. Watoto sita wenye ugonjwa wa Batten, ambao humnyang'anya mtoto macho, maneno, miguu, na mwisho uhai. Waliwekewa seli zilizotokana na ubongo wa kijusi, kati ya milioni 500 na bilioni 1 kwa kila mmoja, moja kwa moja ndani ya ubongo kwa upasuaji, kisha mwaka mzima wa dawa za kuzuia kinga. Ile kinga iliyowaua vifaranga wa Nogent. Lengo lilikuwa kujua kama jambo hili ni salama, na kwa kipimo hicho lilipita. Ugonjwa uliendelea na njia yake. Kisha San Francisco, wavulana wanne wenye ugonjwa wa kuzaliwa wa kukosa mayelini, seli milioni 300 kila mmoja. Taarifa ilitoka 2012, picha za ubongo zikionyesha dalili za mayelini mpya, na wavulana watatu wakipata maendeleo madogo. Madogo kweli. Kampuni iliyotengeneza seli hizo, StemCells Inc., iliamua kufunga shughuli mwaka 2016.

Na kuna mvulana wa Israeli. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoharibu uwezo wa mwili kujisawazisha usiyumbe, na wazazi wake, kama mzazi yeyote, walimpeleka Moscow mara tatu kuwekewa seli shina za ubongo za vijusi. Miaka minne baada ya safari ya kwanza ikaonekana ana uvimbe kichwani na mwingine kwenye uti wa mgongo. Madaktari walipoupima ule wa mgongo waligundua haukuwa wake: seli za uvimbe zilitoka kwa watu wasiopungua wawili, yaani wale wachangiaji. Taarifa hiyo ilichapishwa 2009. Mche uliota, ila haukuota kile kilichopandwa.

Nikarudi kwenye video ya tangazo nikiwa na macho mengine. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwangalia mtoto anayechekeshwa. Sasa nikaangalia mkono. Dripu. Mtoto amewekewa dripu mkononi, na maandishi yanasema "upandikizaji kwenye ubongo". Sasa hilo halihitaji udaktari wa watu. Kinachoingia mshipani hupitia moyoni kwenda mapafuni kwanza, na seli za aina hiyo nyingi hunaswa hukohuko mapafuni. Hata chapa ya seli zenyewe hawakuitaja. Mahali pengine wanaandika za mafuta ya tumbo, pengine za kitovu, pengine "za ubongo". Niliwakumbuka wauza mayai ya kware: presha, sukari, pumu.

Kwa haki, damu ya kitovu imepimwa kisawasawa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilichapisha 2017 jaribio la watoto 63 waliopewa damu ya vitovu vyao wenyewe iliyohifadhiwa tangu kuzaliwa, wengine wakipewa maji yasiyo na dawa kwanza. Baada ya mwaka, kwa jumla hapakuwa na tofauti ya mwendo kati ya makundi. Waliopata dozi kubwa walionekana kusogea zaidi kidogo. Hayo ndiyo maneno ya watu waliopima. Na seli hizo hazikugeuka ubongo, wala hawakudai hivyo.

Nilikwenda Jumapili. Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani, mtoto amelala ubavu kwenye mto alioushona mwenyewe. Nilianza na video, nikaisimamisha kwenye dripu, nikamwonyesha. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo karatasi zote zile hazikuniandaa kwalo.

"Sasa kaka, kama ningejua mapema, siku ileile aliyozaliwa, ingekuwaje?"

Nilimwambia kweli: siku ile, popote duniani, hapakuwa na hospitali iliyokuwa na tiba ya seli iliyothibitika ya kumpa mtoto aliyekosa hewa. Hukuchelewa gari. Gari halikuwepo kituoni. Aliniangalia kuona kama namfariji, maana ananijua nikidanganya, nikanyamaza nimwache aangalie. Baadaye akafuta macho kwa kanga, akasema mama mkwe atasema tunabania pesa. Nikasema nitakwenda mwenyewe kuzungumza naye. (Nilikwenda. Hayo ni makala nyingine.)

Pesa ya mwanzo waliyokuwa wameikusanya ilikwenda kwa fundi seremala aliyetengeneza kiti chenye meza na mikanda, kwa vipimo vya mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemwona mtoto kila wiki. Fundi alikosea urefu mara moja, akarudia bila kulipisha.

Ili kuondoa uzito uliokuwa umekaa pale mkekani, nikamsimulia habari ya yule kifaranga. Nikawika. Kwanza kama jogoo, halafu kama kware, vipande viwili vifupi na mtetemo, na kichwa nikakirusha. Mtoto akacheka hadi mate yakamtoka, akataka tena. Nikawika tena. Nikawika mara kumi na moja, jirani akachungulia ukutani.

"Sasa huyo," mdogo wangu akauliza, "mama yake kuku alipomsikia anawika vile?"

"Hakuwa na mama. Waliangulia kwenye mashine."

"Maskini," akasema, akaangalia saa, akamgeuza mtoto ubavu wa pili.